Maneno ya Kiingereza ya afya na tiba yanayokwenda pamoja: nianzie wapi?

Nesi wa Zamu ya Usiku, Tanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikiandika Kiingereza kila siku katika mafaili ya wagonjwa bila mtu yeyote kunilalamikia, kwa sababu wote tunaoyasoma mafaili hayo tumepita katika shule za aina moja na tunakosea kwa namna moja. Mwezi uliopita nilianza kujiandaa kwa mtihani wa OET, ule mtihani wa Kiingereza unaotungwa mahususi kwa ajili ya watumishi wa afya. Nikaandika barua yangu ya kwanza ya rufaa ya kujipima, nikampa mwalimu anayenisaidia, nayo ikarudi imejaa wino mwekundu. Kilichoniuma si wino bali ni maelezo yake, maana hayakuwapo makosa mengi ya sarufi wala ya tahajia. Karibu kila mahali alikuwa ameandika maneno yaleyale, kwamba maana inaeleweka lakini Kiingereza hakisemi hivyo.

Nitoe mifano ili mnielewe. Niliandika kwamba mgonjwa "drank the tablets" asubuhi, yeye akakifuta kitenzi na kuweka "took". Niliandika kwamba mama huyo "was made an operation" mwaka 2019, akaweka "had an operation". Niliandika "she is hearing dizziness", na hapo nadhani alicheka, kwa kuwa pembeni aliweka alama mbili za mshangao. Niliandika "she has pressure and sugar", akaiandika upya sentensi yote. Maneno haya yote yamo katika kamusi na maana zake nazijua. Nina daftari lenye maneno zaidi ya mia sita ya tiba ambayo nimeyakariri tangu chuoni, kuanzia majina ya mifupa hadi majina ya dawa, na siku ile lilinifaa kama mwavuli uliotoboka.

Ninachoomba kujua ni jinsi mtu anavyojifunza si neno moja moja, bali neno pamoja na wenzake linaoambatana nao. Je, kuna orodha ya kukariri, na kama ipo, kuikariri kunasaidia? Je, kuna kanuni yoyote inayoeleza kwa nini dawa "hainywewi" katika Kiingereza hata ikiwa ni ya maji, au ni mazoea matupu ambayo mtu hana budi kuyameza yalivyo?

Mwalimu wa Lugha, Dodoma

Ndugu Nesi, pole kwa wino mwekundu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalowasumbua wengi. Ni mazoea, lakini si matupu. Tazama Kiswahili chetu wenyewe: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga chafya, tunapiga miayo na tunapiga sindano, wala katika yote hayo hakuna anayeumizwa isipokuwa huyo wa sindano. Mgeni akisema kwamba ametumia mswaki tutamwelewa vizuri, ila tutajua palepale kwamba ni mgeni. Wataalamu wa isimu huita mfuatano huu kolokesheni, na Mwingereza J. R. Firth, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha London, alikuwa akieleza tangu miaka ya 1950 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo. Kwa hiyo daftari lako la maneno mia sita si bure, ila umeyaorodhesha kama watu wasio na ukoo.

Ushauri wangu ni kwamba usianze na orodha ya Kiingereza. Anza na kitenzi cha Kiswahili ambacho unakitumia kutwa nzima wodini, kisha uangalie Kiingereza kinavyokigawanya. Chukua "kupima". Ukimpima mgonjwa joto, Kiingereza husema "take his temperature". Ukimpima presha, ni "take" au "check his blood pressure". Ukimpima uzito, kitenzi kinameza kila kitu na sentensi inakuwa "weigh the patient", uzito wenyewe hautajwi tena. Daktari akimpima kwa mikono na masikio, hapo ni "examine". Maabara ikipima damu, ni "do a blood test", na vipimo vikiwa vingi husemwa "run some tests". Mtu akipimwa malaria ni "tested for malaria", na ikionekana anayo, "he tested positive for malaria". Kitenzi chetu kimoja kimetawanyika katika vitenzi vitano au sita, na ndiyo maana aliyekariri kwamba kupima ni "measure" huishia kuandika kwamba muuguzi amempima mgonjwa kama fundi cherehani anavyopima suruali.

Kitenzi cha pili kinachohitaji ukurasa wake ni "kupona", na hiki nakipenda zaidi kwa sababu makosa yake huwa yanabadilisha maana. Kwetu kidonda kinapona, mgonjwa anapona na ugonjwa pia unapona. Katika Kiingereza kidonda "heals", mgonjwa "recovers" na huongezewa "from" kabla ya jina la ugonjwa, na ugonjwa wenyewe "is cured". Ukiandika "the wound recovered", umekipa kidonda ruhusa ya kurudi nyumbani. Kisha kuna "treat", ambayo ni kutibu, na kutibu si kuponya. Mwenye kisukari "is treated for diabetes" miaka yote, na sukari yake huwa "well controlled" au "poorly controlled", lakini ukiandika "cured" daktari atakayesoma barua yako atadhani mgonjwa hana tena haja ya dawa. Vivyo hivyo kwa anayeishi na VVU na anayetumia dawa za kufubaza virusi.

Jambo la tatu ni nani anayetenda. Mgonjwa wetu husema "nimefanya operesheni" na hakuna anayemshangaa, lakini "I did an operation" ni maneno ya daktari aliyeshika kisu. Mgonjwa husema "I had an operation", au katika maandishi rasmi zaidi "underwent surgery", na daktari naye "operates on" mgonjwa. Msisahau hiyo "on", kwa sababu bila yake mgonjwa anageuka kuwa mashine inayoendeshwa. Kinyume chake kipo kwenye mifupa: sisi husema "amevunjika mguu", kana kwamba mguu ulijivunjikia, ilhali Kiingereza husema "she broke her leg" na hakuna anayemlaumu kwa kuuvunja.

Mama Wodi, kaskazini mwa Uingereza

Habari za jioni nyote. Mwalimu amefafanua vizuri, na vitenzi hivyo viwili ningekuwa navyo wakati wangu nisingefanya mtihani mara mbili. Hata hivyo, naomba niongeze upande ambao vitabu vya lugha haviugusi sana, kwa sababu mtihani ni siku moja lakini kazi ni kila siku.

Kwanza ujue unachopimwa. Katika sehemu ya kuandika unapewa dakika 45, tano za mwanzo zikiwa za kusoma maelezo ya mgonjwa tu, na unatakiwa kuandika barua, mara nyingi ya rufaa, yenye maneno kama 180 hadi 200. Katika sehemu ya kuzungumza unaigiza mazungumzo mawili na mgonjwa au ndugu yake, kila moja kwa takriban dakika tano, baada ya dakika tatu za kujiandaa. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza hukubali daraja la B, ambalo huanzia alama 350, katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na C+ kuanzia alama 300 katika kuandika. Nayasema haya kwa sababu barua na mazungumzo vinahitaji maneno ya aina mbili tofauti kabisa, na wengi wetu hujifunza aina moja.

Barua ina Kiingereza chake ambacho huwezi kukibuni. Mgonjwa hafiki tu hospitalini, bali "presented with" dalili fulani. Akiwa na homa kwa siku tatu, huandikwa kwamba ana "a three-day history of fever", ingawa kwetu siku tatu si historia ya kitu chochote. Akisema hana maumivu ya kifua, huandikwa "denies chest pain", na mara ya kwanza kulisoma neno hilo nilidhani daktari anamshuku mgonjwa kuwa mwongo, kumbe ni desturi tu ya uandishi. Mapafu yakiwa mazima huelezwa kuwa "unremarkable", yaani hayana la kusemwa, na hiyo ni habari njema. Misemo ya namna hii haizidi arobaini, na hapo sioni ubaya wa kukariri, kwa sababu hujirudia barua baada ya barua.

Sasa kuna neno moja ambalo nataka ulifute kichwani leo usiku, nalo ni "dozi". Sisi tunamwambia mgonjwa amalize dozi, tukimaanisha vidonge vyote vya siku tano au saba alivyopewa dirishani. Katika Kiingereza "a dose" ni kiasi cha kumeza kwa mara moja. Ukimwambia mgonjwa wa huku "finish the dose", atameza kidonge chake cha asubuhi, akamaliza, na akawa amekutii. Unachotaka kusema ni "finish the course", na dawa zenyewe ni "a course of antibiotics". Akisahau kumeza mara moja, hapo ndipo "he missed a dose". Nimewahi kumsikia mwenzangu kutoka nyumbani akimwelekeza mgonjwa kwa neno hilo anapotoka wodini, naye mgonjwa akaitikia vizuri kabisa, na ilinibidi nimfuate hadi kwenye lifti. Hakuna mwalimu aliyetufundisha tofauti hiyo, kwa kuwa huko nyumbani hata wafamasia wanaoongea Kiingereza husema "complete the dose".

Wagonjwa nao wana lugha yao. Asubuhi utatakiwa kumuuliza mzee kama amepata choo, na swali la kawaida la wauguzi wa huku ni "Have you opened your bowels?", ambalo ukilitafsiri neno kwa neno utaona aibu. Mkojo "hupitishwa", yaani "pass urine", lakini uwe mwangalifu na kitenzi hicho, kwa sababu "pass out" ni kuzimia na "pass away" ni kufariki, na kuzichanganya hizo mbili mbele ya ndugu wa mgonjwa ni balaa. Wiki yangu ya kwanza bibi mmoja aliniambia "I've had a funny turn", nami nikatabasamu na kucheka kidogo kwa adabu, nikidhani amepatwa na jambo la kuchekesha. Alikuwa ananiambia kwamba alisikia kizunguzungu na kutaka kuanguka. Mwingine akisema "I feel poorly", hasemi kwamba ni maskini, anasema anaumwa. Maneno haya hayamo kwenye orodha ya tiba hata moja, na huyapati isipokuwa kwa kusikiliza watu wakizungumza.

Afisa wa Kliniki, Mombasa

Nawasalimu. Kwa heshima zote kwa Mwalimu, sikubaliani na kuanza na vitenzi vya Kiswahili pekee, kwa sababu Kiswahili chenyewe hakitumiki kwa namna moja kila mahali. Chukua neno "homa". Ninyi wa Tanzania mkisema mtu ana homa, mnamaanisha mwili umechemka, na pua ikivuja mnasema mafua. Hapa Kenya watu wengi wakisema wana homa, wanamaanisha mafua, na mwili ukichemka watakuambia wana joto jingi. Nikitengeneza ukurasa wangu kwa neno hilo na Nesi akatengeneza wake, tutafika sehemu mbili. Kwa Kiingereza mwenye mwili wa moto "has a fever" au, Uingereza, "is running a temperature", ambayo nayo ni ajabu kwa kuwa kila mtu ana joto fulani. Mwenye mafua "has a cold", na hiyo "a" ni lazima, lakini mafua makali ni "flu" au "the flu". Wengi wetu huku Pwani tunasema "I have a flu" hata redioni, na tumeshazoea.

Njia yangu mimi ni kadi. Kila kadi ina sentensi nzima ya Kiingereza niliyoiokota kwenye maandishi halisi, na neno moja nimelifunika. Kadi nikiipata hupanda ngazi na kusubiri siku nyingi zaidi, nikiikosa hurudi mwanzo. Utaratibu huo ni wa Sebastian Leitner, mwandishi wa habari za sayansi wa Ujerumani, aliyeueleza mwaka 1972 kwa kutumia sanduku lenye vyumba, na programu nyingi za simu za siku hizi hufuata wazo hilohilo. Usifunike jina la ugonjwa, maana hilo unalijua. Funika kitenzi au kihusishi. "She was diagnosed ___ asthma", "He is recovering ___ surgery", "The nurse ___ the wound". Ile ya mwisho ni "dressed", yaani kidonda huvalishwa, na sisi tunakifunga. Kadi kumi kwa siku zinatosha, na ukizidisha utaacha kabla ya mwezi kuisha. Nasema hivyo kwa kuwa nilishaacha mara mbili.

Mwalimu wa Lugha, Dodoma

Ndugu wa Mombasa, hoja ya "homa" naipokea, na nakiri kwamba sikuifikiria. Hata hivyo hainivunji moyo. Kila mtu aanze na Kiswahili anachokisema mwenyewe, kwa sababu kosa lake la Kiingereza hutoka hukohuko. Wewe kosa lako litatoka kwenye homa ya Mombasa, na la Nesi litatoka kwenye homa ya Tanga. Kadi zako nazikubali zote, na hasa ushauri wa kufunika kihusishi.

Mkalimani, Ohio

Shikamooni wakubwa na salaam kwa wengine. Mimi si mtu wa tiba. Kazi yangu ni kukalimani katika hospitali za huku Marekani, na wengi ninaowasaidia ni ndugu zetu waliotoka Kivu na maeneo mengine ya mashariki mwa Kongo. Naomba nizungumzie maumivu, kwa sababu ndipo maneno yanapoandamana kwa ukali zaidi na ndipo daktari anaposikiliza kwa makini zaidi.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Kanada, Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, alichapisha dodoso la maumivu lenye maneno 78 ya Kiingereza yaliyopangwa katika makundi 20, kwa sababu aligundua kwamba neno analolichagua mgonjwa linaweza kumsaidia daktari kujua maumivu ni ya aina gani. Hebu jiulize sisi tuna mangapi. Tunayo, tena mazuri, ila hayakai kwenye sifa, yanakaa kwenye vitenzi. Kichwa kinagonga, tumbo linasokota, kiuno kinakata, mkojo unachoma, mguu unawaka moto, mgongo unavuta. Kiingereza huyageuza kuwa sifa na kuyaweka mbele ya jina: "a throbbing headache", "cramping pain", "a burning sensation when passing urine". Maumivu ya chini chini yasiyokoma ni "a dull ache", na yanayochoma ghafla kama kisu ni "a sharp" au "stabbing pain". Yale yanayotoka kiunoni na kukimbia hadi mguuni ni "shooting pain", na kwa wenye matatizo ya uti wa mgongo hilo ndilo neno ambalo daktari anasubiri kulisikia. Mara moja moja lugha hizi mbili hukutana: sisi tunasema kichwa kinapasuka, wao husema "a splitting headache", na nikilipata hilo hufurahi kama nimeokota noti njiani. Mara nyingine hazikutani kabisa. Mguu ukifa ganzi, Kiingereza hakiuui, husema "my leg has gone numb", au hata kwamba umelala.

Kuna tahadhari moja ndogo ambayo si ya mfuatano wa maneno lakini huuharibu mfuatano wowote. Mgonjwa akisema "mkono unaniuma", huwezi kufungua kinywa mpaka umuulize ni wapi, kwa sababu Kiingereza kinatenganisha "hand" na "arm", na mguu nao una "foot" na "leg". Mimi humwomba aniguse pale panapouma, ndipo naendelea.

Kuhusu wapi pa kusoma, napendekeza tovuti ya MedlinePlus ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, kwa sababu ni bure, imeandikwa kwa Kiingereza chepesi, na ina sehemu ya lugha nyingi ambamo Kiswahili kimo. Unaweza kufungua karatasi moja katika lugha zote mbili na kuziweka sambamba. Anayekwenda Uingereza asome kurasa za magonjwa za tovuti ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya huko, kwa sababu maneno ya nchi hizi mbili hayalingani. Dawa ya kutuliza maumivu mnayoiita "paracetamol" huku ni "acetaminophen", chumba cha upasuaji kule ni "theatre" na huku ni "operating room", pua iliyoziba kule ni "blocked" na huku ni "stuffy", na mgonjwa wa kule hulazwa "in hospital" wakati wa huku hulazwa "in the hospital". Ukitaka kuhakikisha kama maneno mawili kweli huandamana, tafuta katika COCA, mkusanyo wa maandishi na mazungumzo halisi ya Kiingereza cha Marekani wenye maneno zaidi ya bilioni 1, au ule wa Uingereza uitwao British National Corpus wenye maneno milioni 100. Kwa anayeanza, chombo cha bure kiitwacho SkELL ni rahisi zaidi: unaandika neno moja, nacho kinakuonyesha marafiki zake.

Nesi wa Zamu ya Usiku, Tanga

Ndugu zangu, ahsanteni sana, na samahani kwa kuchelewa kujibu. Jana usiku wodi ilikuwa tulivu kuanzia saa nane, nikafungua SkELL kwenye simu na kuandika "symptoms", neno ambalo nimelitumia tangu mwaka wa kwanza chuoni. Nilikuwa nikidhani dalili "zinatoka" au "zinaonekana", kumbe mtu "develops symptoms", na dawa haiondoi bali "relieves symptoms". Nikaandika "wound" nikakuta kuvalishwa kwake, nikamkumbuka ndugu wa Mombasa. Kisha nikatengeneza ukurasa wa "kusikia", kwa kuwa hicho ndicho kilichoniletea alama mbili za mshangao. Sisi tunasikia kizunguzungu, kichefuchefu, baridi, njaa na maumivu, na katika Kiingereza masikio hayahusiki hata mara moja: "feel dizzy", "feel sick", "feel cold", "be hungry", "be in pain". Ile ya mwisho ilinishangaza, kwamba mtu yumo ndani ya maumivu kama aliyemo ndani ya chumba.

Kuhusu dozi sina la kujitetea. Nimehesabu kwamba katika mafaili ya wiki hii nimeandika "complete the dose" mara kumi na moja, na mwenzangu wa zamu ya mchana ameandika mara nyingi zaidi.

Nimeiandika barua upya. Naomba mnikosoe aya hii ya kwanza tu, na mgonjwa ni wa kubuni: "Mrs A presented with a three-day history of fever and a throbbing headache. She denies chest pain. She had an operation on her left foot in 2019 and recovered well. She is treated for high blood pressure and diabetes, both of which are well controlled. Last month she completed a course of antibiotics for a chest infection. She is allergic with penicillin."

Mama Wodi, kaskazini mwa Uingereza

Hongera, mdogo wangu. Ningeisoma barua hii nikidhani imeandikwa na mtu wa wodi yangu, mpaka nilipofika sentensi ya mwisho. Umeandika "with" kwa sababu kwetu mtu ana aleji "na" kitu. Kwa Kiingereza ni "allergic to penicillin", na hapo usikubali kukosea, kwa sababu ni sentensi ambayo kila muuguzi huisoma kabla ya nyingine zote. Huku mgonjwa wa namna hiyo huvishwa utepe mwekundu mkononi. Sentensi hiyo isogeze juu pia, isikae mkiani mwa aya ambapo mtu mwenye haraka anaweza asiifikie. Ukimaliza aya ya pili iweke hapahapa, ila niko zamu hadi Alhamisi, kwa hiyo Mwalimu anaweza kunitangulia.